Askari wa Risasi na Majina ya Zana Zake



Neno risasi lina nyumba mbili katika Kiswahili. Nyumba ya kwanza ni ya madini: ile metali ya kijivu, laini na nzito, ambayo mvuvi huifanya chubwi ili mshipi wake uzame. Nyumba ya pili ni ya vita: kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Waarabu, ambao ndio waliotupa neno hili, nao husema rasas kwa madini na kwa kile kinachoua. Ni jambo la kueleweka, kwani kwa karne nyingi kilichotoka katika mtutu kilikuwa ni madini hayo yenyewe, yameyeyushwa na kumiminwa katika kalibu hadi yakawa duara.

Rafiki yangu mmoja hukusanya visanamu vya askari, wale wadogo wanaopangwa juu ya meza kwa safu. Aliniuliza Kiswahili tungewaitaje. Nilimjibu papo hapo: askari wa risasi. Yeye aliridhika na kuendelea na mambo yake, lakini mimi jibu langu lilinikaa moyoni, kwa sababu lilisema mambo mawili kwa pumzi moja. Wale askari wametengenezwa kwa risasi, na askari wenye miili ambao wanafananishwa nao walianguka kwa risasi. Tangu hapo nimekuwa nikizisoma habari za visanamu hivi kwa jicho la mtu wa maneno. Nilichokigundua ni kwamba kila zana iliyomo mkononi mwa kisanamu ina jina katika lugha yetu, na jina hilo mara nyingi linajua mengi kuliko yaliyopakwa rangi.

Niseme kwanza vinavyotengenezwa. Katika karne ya 18, mafundi wa Nuremberg nchini Ujerumani, na mashuhuri miongoni mwao ni ukoo wa Hilpert, walisubu askari bapa wa bati, wembamba kama sarafu, wenye sura pande mbili na wasio na kifua wala mgongo. Mwaka 1848 Ernst Heinrichsen wa mji huohuo aliweka kimo cha milimita 30, na wengine wakakifuata. Wafaransa walipenda askari mnene, aliyejaa ndani, na kwa hiyo wa bei kubwa. Mwingereza William Britain wa London ndiye aliyepata hila ya kupunguza gharama mwaka 1893. Fundi alimimina risasi iliyochanganywa na bati na antimoni katika kalibu ya shaba, akaizungusha kidogo ili ile inayogusa kalibu iwe imara, kisha akaimwaga ile ya katikati iliyokuwa bado maji. Kilichobaki ni ganda. Askari akatoka na umbo kamili, kimo cha milimita 54, nyuso na vifungo vyote mahali pake, lakini ndani mtupu, na mara nyingi ana kitundu kidogo kichwani pale hewa ilipopitia.

Katika orodha ndefu ya kampuni hiyo, seti namba 225 ni King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilijua kwa herufi zake tatu, KAR. Ni askari wa miguu, kaki mwilini, tarbushi kichwani, bunduki begani. Hivyo basi, mtoto wa Uingereza wa zama zile aliweza kuwapanga babu zetu juu ya zulia la sebuleni kabla ya chakula cha jioni. Kazi ya risasi ilikoma katika kampuni hiyo mwaka 1966, ilipokwisha kubainika kuwa madini haya ni sumu kwa watoto, na plastiki ikatawala. Wale wa zamani waliosalia wana adui wa ajabu: kabati la mti wa mwaloni. Mbao hizo hutoa asidi polepole, na risasi ikikaa humo miaka mingi hugeuka unga mweupe. Askari aliyepita salama mikononi mwa watoto hufia kabatini alimohifadhiwa.

Lakini kumtengeneza askari mdogo hakukuanzia Ulaya, na hili napenda lieleweke vyema. Katika kaburi la Mesehti, mtawala wa Asyut katika Misri ya kale, yapata miaka 4,000 iliyopita, ziliwekwa mbao mbili zenye askari wa mti waliosimama kwa safu. Ubao mmoja una Wamisri 40 wenye mikuki na ngao. Wa pili una wapiga upinde 40 wa Nubia. Sasa wamo katika makumbusho ya Cairo. Aliyewachonga hakuwafanya mapacha. Huyu ni mrefu kidogo, yule mfupi. Ngao zimepakwa mabaka ya ngozi ya ng'ombe, na mabaka ya ngao moja si mabaka ya jirani yake. Mnubi ana upinde mkono mmoja na kishada cha mishale mkono wa pili. Mtu anaweza kuwatazama na kujua jeshi lile lilivyojizatiti, nani alitoka wapi, na nani alipewa zana gani. Hakuna kiwanda cha Ulaya kilichowahi kuwazidi kwa uaminifu wa macho.

Nimewataja Wanubi kwa sababu mto ule ule uliwaleta askari wengine hadi pwani yetu. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuizima vita aliyoiongoza Abushiri bin Salim pale Pangani na kwingineko Mrima, alikwenda Cairo kwanza. Huko aliandika askari wa Kisudani waliokuwa wamelitumikia jeshi la Misri na sasa hawana kazi. Hao, pamoja na wengine kutoka kusini, ndio waliokuwa mbegu ya jeshi la Wajerumani katika nchi hii. Walikuja na bunduki walizopewa, lakini pia walikuja na maneno. Misri ilikuwa chini ya Waturuki, na vyeo vya jeshi lake vilikuwa vya Kituruki. Kwa sababu hiyo, jeshi la Mjerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na ombasha, yaani mkuu wa watu kumi kwa asili ya neno. Lilikuwa na shaushi juu yake. Na juu kabisa kwa Mwafrika alikuwapo efendi. Ombasha na shaushi wamelala katika kamusi za zamani. Efendi hakulala. Kila kijana anayesimamishwa barabarani leo, Dodoma au Nakuru, akasema "Afande, naomba radhi," anatamka cheo cha Kituruki kilichopandishwa meli Misri mwaka 1889. Hakuna kisanamu cha milimita 54 kinachoweza kuonyesha safari hiyo.

Sasa tuitazame bunduki, kwa kuwa wakusanyaji huanza hapo na wagomvi wao hugombania hapo. Wengi wa askari wa upande wa Mjerumani walipoingia katika vita ya 1914 walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871: risasi moja kwa mara moja, mtutu wa milimita 11, baruti ya zamani itoayo moshi mzito mweupe. Ile ya 1898, yenye baruti isiyo na moshi na risasi tano ndani, ilikuwa mikononi mwa wachache. Tofauti hii si ya urembo. Mtu akifyatua ile ya zamani porini, wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chake na kumwambia adui: nipo hapa. Askari alilazimika kupiga na kuhama, kupiga na kuhama. Kwa hiyo fundi anayempa kila askari wa Tanga bunduki ya 1898, eti kwa kuwa kalibu yake anayo tayari, amemwondolea mtu huyo hatari aliyoishi nayo. Na iko tofauti nyingine ambayo mshairi ataipenda: ile ya 1871 ilirusha risasi ya risasi tupu, madini yaliyo wazi, ile ya 1898 ilirusha risasi iliyovikwa koti la metali ngumu zaidi. Neno letu lilikuwa kweli tupu kwa bunduki ya kwanza, na kwa ya pili limekuwa kweli yenye nguo.

Bunduki lenyewe ni neno lenye mjadala. Wako wanaolitoa katika bunduq, tunda lenye ganda gumu mfano wa kokwa, na kwa mfano huo kile kidonge cha kurushwa. Na wako wanaolipitisha Venice, ambayo Waarabu waliiita al-Bunduqiyya. Mimi huelemea kwenye kokwa, kwa kuwa kidonge cha kurusha kilikuwapo kabla ya baruti. Kasiba, jina jingine la mtutu, ni qasaba, utete au unyasi wenye uwazi ndani. Singe, kile kisu cha kwenye ncha ya mtutu, kimetujia kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi. Zana moja, bahari nzima ya Hindi imo ndani yake. Na Kiswahili hakikuiacha ikae ugenini: watunzi waliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu bunduki inamaliza kwa -uki, sawasawa na mkuki. Silaha mpya ilikuta kina chake kinaisubiri. Yeyote aliyewahi kutunga utenzi wa vita anajua thamani ya zawadi hiyo.

Tenzi za vita zenyewe ni ushahidi ambao wakusanyaji hawautumii ipasavyo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji. Hao waliishi zama za mambo waliyoyatunga, na masikio yao yalijua mlio wa zana zile. Rangi ya kaki mtu ataipata katika picha. Mlio utaupata kwa washairi.

Kwa habari ya mlio, tuna neno bombomu. Hilo ndilo jina ambalo wazee waliipa bunduki ya Hiram Maxim, iliyobuniwa mwaka 1884, ambayo ilijitia risasi yenyewe na kuendelea kupiga maadamu kilimi kimebanwa na ukanda haujaisha. Hapa lugha haikwenda kuazima kokote. Ilisikiliza tu. Wakusanyaji wanapenda sana kisanamu cha bombomu: watu wawili au watatu, mmoja amelala nyuma ya mtambo, mwingine ameshika ukanda. Ni kisanamu kizuri, na mimi siwezi kukitazama bila kuikumbuka Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipoiendea boma kwa maelfu. Waliambiwa dawa ya Kinjekitile wa Ngarambe itazigeuza risasi kuwa maji. Bombomu mbili ziliwangojea. Kiwandani, risasi hugeuka maji kwa nyuzi joto 327, na fundi huimimina akiwa na aproni kiunoni. Pale Mahenge haikugeuka.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni mzinga. Kabla ya kuwa silaha, mzinga ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Mreno alipokuja na shaba yake ndefu yenye uwazi ndani na ngurumo, aliyeitazama aliona gogo la nyuki, akaliita hivyo. Maana mbili zikaishi pamoja kwa amani karne nyingi, hadi zilipokutana Tanga. Tangu tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka Bara Hindi lilijaribu kuutwaa mji ule, nalo jeshi dogo la Paul von Lettow-Vorbeck likalizuia. Katika mashamba na vichaka vilivyouzunguka mji palikuwa na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Risasi ziliipasua, nyuki wakatoka kwa hasira, wakawatia watu miiba hata wakatupa bunduki na kukimbia. Waingereza wengine waliamini kuwa ni mtego wa makusudi. Haukuwa mtego. Waliposhindwa na kurudi melini waliacha nyuma bombomu 16, bunduki kwa mamia, na risasi kwa malaki. Na hapo ndipo askari wengi waliokuwa na zile za moshi walipopata za kisasa. Kwa hiyo mkusanyaji makini anayetaka askari wa Mjerumani aliyebeba bunduki ya Mwingereza anaweza kumpata kwa haki kabisa, mradi amwekee tarehe baada ya Tanga. Nyuki hakuna aliyeweza kuwasubu.

Mizinga mikubwa ya vita ile ilitoka baharini. Manowari Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilikimbilia katika delta ya Rufiji na kumalizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa ndani ya maji, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, na kuburutwa bara ipigane nchi kavu. Mmoja umo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus: mahasimu wawili wa Zanzibar wamewekwa uani kwenye ngome moja. Mwingine uko Pretoria. Vielelezo vya mzinga huu vinauzwa kwa wapenzi wa visanamu, na vingi ni vya ustadi mkubwa. Lakini mara nyingi mzinga husimama peke yake na askari wake wanne au watano. Mtu angeweza kudhani kwamba ulijivuta.

Na hili ndilo linalonisumbua zaidi ya bunduki ya 1871. Mzinga wa Königsberg ulivutwa na mamia ya watu kwa kamba. Bombomu na kigari chake, maji yake ya kupooza na masanduku yake ya mikanda, vilibebwa mabegani na vichwani. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara hazikuwapo, na kila ratili ya unga na kila sanduku la risasi lilipita juu ya utosi wa mtu. Upande wa Uingereza peke yake uliandika wapagazi kwa malaki, na waliokufa walikaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa, si kwa kupigwa. Zana kuu ya vita vya Afrika Mashariki haikuwa Mauser wala Maxim. Ilikuwa shingo ya mpagazi.

Wenyewe kwa wenyewe watu wetu walijifunza kuigiza jeshi bila kununua kisanamu chochote. Ngoma ya Beni, iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Nyasa na Kongo, ilikuwa na vyeo, gwaride, tarumbeta na mavazi ya kiaskari. Marini na Arinoti walishindana mjini kama vikosi viwili. Huko jeshi liliigizwa kwa kimo cha mtu mzima. Nasi watoto tulichonga bunduki kwa makuti ya mgomba, tukazikata ndimi za kufyatuka, zikalia ta-ta-ta. Lakini hata katika michezo yetu sikumbuki mtoto aliyetaka kuwa mpagazi. Aliyeshindwa kupata bunduki alikuwa adui, au alikwenda nyumbani.

Sanamu kubwa za mjini nazo zina hadithi yake. Dar es Salaam, Wajerumani walisimamisha mwaka 1909 sanamu ya Wissmann, yeye juu, askari Mwafrika chini yake. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1960. Mwaka 1927 pakawekwa, pale tunapopaita Posta, yule Askari wa shaba nyeusi aliyechongwa na James Alexander Stevenson, singe mbele, uso kuelekea bandarini. Yuko peke yake. Stevenson huyohuyo alitengeneza sanamu ya Nairobi, na huko wamesimama watu watatu, mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo alijua.

Dar es Salaam haikumsimamishia mpagazi sanamu, lakini midomo ya watu ilimwekea jina. Waingereza waliita kikosi cha wapagazi Carrier Corps, kambi yake ikawa mahali ambapo sasa ni soko, na Waswahili wakapaita Kariakoo. Nairobi wana Kariokor yao. Mwanamke anayekwenda leo kununua dagaa Kariakoo anakwenda, kwa jina, kwenye kikosi cha wapagazi.

Siku hizi mafundi wadogo wa Uingereza na Marekani husubu visanamu vya milimita 28 kwa ajili ya michezo ya mezani, na wengine huuza wapagazi, ingawa mara nyingi ni wale wa misafara ya wavumbuzi wa Kizungu. Ukimpata mmoja, humhitaji kumtafutia aina ya bunduki wala mwaka wake. Zana yake ni moja: kata, au ngata kama wengine wasemavyo, ile pete ya kitambaa au majani makavu inayokaa kati ya utosi na sanduku. Katika kimo kile huwa ni mstari mmoja tu wa rangi, na watu wengi husahau kuupaka.